Kwenda Lubumbashi Kuandikwa Mugonjwa

Wazee wenzangu wa bandari, mulikuja nyumbani mumoja mumoja kuniuliza yaliyonipata, na kila mumoja alipata nusu. Si uchoyo. Sauti yangu inaisha mbele ya hadithi kuisha. Nikianza na boti, tukifika Moba maneno yanapitia puani, tukifika Pepa munasikia upepo tu, na Mama Furaha anawaletea chai ili muende. Kwa hiyo nimeandika, asubuhi asubuhi, wakati mukono bado unanitii. Masomo yangu munayajua. Nilisoma mupaka baba alipokufa, halafu nikabeba mifuko. Makosa mutakayoyaona humu ni yangu.

Kwa yule ambaye karatasi hii itamufikia na hanijui: mimi ni Papa Mulongo, muendesha gruu, ile mashine ya kunyanyua mizigo pale bandari ya Kalemie. Niliingia pale kama mubebaji. Hakuna mujomba aliyenivuta, hakuna padri aliyeniandikia barua. Niliangalia mukono wa muzungu wa mwisho aliyeendesha ile gruu, nikaangalia wa Mukongomani aliyemufuata, na siku huyu alipougua nikapanda mimi.

Halafu kope zangu zikaanza kushuka. Asubuhi macho mazima, jua likipita kichwani kope zinaanguka kama pazia. Baadaye taya, baadaye mukono. Siku moja muchana furushi la mabati lilikuwa linaning'inia juu ya watu, na mukono wangu ukakataa kuvuta lever. Watu wakakimbia, mabati yakaanguka mahali walipokuwa. Hakuna aliyeumia. Nikashuka na sikupanda tena.

Majirani wakasema nimelogwa na muntu anayetaka kiti changu. Hospitali wakasema malaria, halafu wakanipa dawa ya macho, halafu wakasema uzee. Uzee ninao, sikatai. Lakini uzee gani unaondoka usiku na kurudi muchana? Hilo njo lilikuwa linanisumbua kuliko kitu kingine. Nilitaka kujua ni ugonjwa gani huu unaofanya kazi kwa saa zake.

Kampuni wakaniambia mambo mawili. Ama nirudi juu ya gruu, ama wadaktari wa pensheni kule Lubumbashi waandike kwamba siwezi tena. Nikikosa yote mawili, nimeacha kazi mwenyewe, na makato yote ya mushahara wangu tangu ujana yamekwenda na maji. Njo safari ilivyoanza.

Kalemie mupaka Moba

Boti walisema itaondoka asubuhi. Iliondoka jua likiwa juu ya vichwa, kwa sababu mwenye mifuko ya saruji alikuwa bado anabishana na wabebaji. Nilikaa nikaangalia wanavyopanga mizigo, na walipanga vibaya, uzito wote nyuma. Nikawaambia. Wakaniuliza kama mimi njo kapiteni.

Upande wangu alikaa mama mumoja mufanyabiashara, Mama Riziki, muntu wa Baraka, kule kaskazini ya ziwa. Anapeleka chumvi na vitenge Moba, anarudi na maharage. Alituombea wote kwa sauti mbele ya kuondoka, hata mashine ya boti aliiombea, halafu akaanza kunieleza habari ya watoto wake wa kiume na ubaya wa wake zao. Hadithi ilikuwa nzuri. Lakini jua lilikuwa limepita kichwani, kope zikashuka. Kope zikishuka, ili nione lazima ninyanyue kidevu na kuangalia chini ya pazia, hivi, kama muntu anayechungulia chini ya mulango. Mama Riziki akakatisha.

"Papa, mimi nakuambia mambo ya damu yangu, na wewe unaniangalia kama chifu anaangalia muntu asiyelipa kodi."

"Endelea, Mama. Nasikia."

"Unasikia na pua?"

Boti nzima ikacheka. Mama Furaha, bibi yangu, akafungua mudomo ili aeleze. Nikamukanyaga muguu. Niliona afadhali waseme niko na majivuno kuliko waseme niko mugonjwa. Toka pale jina langu likawa Chifu. Chifu usogee, tupitishe jerikani. Chifu, kuku wako amenyea viatu vyangu, na mimi kuku sikuwa naye.

Mupaka Mpala nilikuwa nimezoea. Boti ilisimama mbali kidogo na kanisa la misyo, mitumbwi ikatuzunguka na samaki na mihogo. Tukanunua mukebuka mukubwa, umekaangwa vizuri, na bukari, ule ugali wetu, ya moto. Tonge la kwanza likaenda. La pili likaenda. La tatu taya ikagoma. Nikabaki na chakula mudomoni kama mutoto aliyekataa dawa, nikaweka mukono chini ya kidevu, nikaanza kuisukuma taya juu na chini.

"Chifu anawaza," mumoja akasema.

Mama Riziki hakucheka. Aliniangalia muda, halafu akauvuta ule mukebuka, akautoa mifupa yote kwa vidole vyake, akaufunga ndani ya jani la ndizi na kumupa Mama Furaha. Kwangu hakugeuka.

"Mupe asubuhi. Muntu akichoka hivi, hawamulazimishi."

Asubuhi, milima ya Moba ikiwa imeanza kuonekana, nilikula samaki yote, baridi, na nilitafuna kama kijana. Nikamutafuta Mama Riziki nimushukuru. Alikuwa anagombana na wabebaji juu ya chumvi yake, akanifukuza na mukono.

Kupanda Pepa

Kamiyo, lori ya kwenda Pepa, ilikuwa ya chofere mumoja anaitwa Dodo, muntu mwenye maneno mengi na breki kidogo. Njia inapanda milima ya Marungu, na katikati ya mupando resori, ile springi ya chini, ikavunjika. Dodo akashuka, akaangalia, akapanda tena, akawasha sigara.

"Hii ni ya kungoja Moba walete ingine," akasema. "Wenye miguu watembee. Juu kuna wakristu."

Mimi na Mama Furaha tukatembea, mimi nikisimama mara kwa mara kwa sababu ya mapaja. Tukapokewa na mukulima mumoja, Papa Kisimba, katekista wa kijiji, nyumba yake ikiwa katikati ya majani na ng'ombe. Nani alituambia kwamba ndani ya provensi yetu kuna baridi ya namna ile? Watu wanavaa makoti. Mudomo unatoa moshi. Walitupa viazi, maharage na nyama ya ng'ombe, na tukakaa kando ya moto.

Nilikuwa nimekula nusu ya sahani nilipoona Mama Furaha ameacha kula, ananitazama.

"Funga macho," akasema.

"Kwa nini?"

"Funga tu. Sasa fungua."

Nikafungua. Yakafunguka, mazima, na jua lilikuwa limezama zamani. Nikaangalia ile nyama mukononi mwangu. Nilikuwa naitafuna jioni, nyama ya ng'ombe, bila kushika taya.

Papa Kisimba akasema ni hewa ya Marungu, na kwamba walikuwa wamenitaja katika sala. Labda. Lakini mimi ni muntu wa mashine, na mashine ikibadilika unaijaribu. Nikasogeza uso karibu na moto. Baada ya muda kope ya kushoto ikaanguka. Nikatoka nje, nikasimama katika upepo wa baridi. Ikapanda. Nikarudi motoni, ikaanguka. Nikatoka, ikapanda. Kwa mara ya nne ao ya tano, bibi ya Papa Kisimba akanisimamisha mulangoni na kikombe mukononi. Alikuwa amechemusha majani ya mapera.

"Kunywa, Papa. Nyama yetu ni ya mafuta, wageni wengine inawakimbiza hivyo."

Kumueleza ukweli ningemutia haya, na mimi mwenyewe ningeona haya. Nikanywa yote, na yalikuwa machungu sana.

Resori ilichukua siku nyingi kufika. Kila jioni nilikula na macho yangu mazima, na moyo wangu ukaanza kuwa mukubwa.

"Mama," nikamuambia bibi yangu, "turudi nyumbani. Nimepona."

"Umepona Pepa. Kalemie nitakuweka katika frigo pamoja na mikebuka?"

"Tunaweza kuhamia huku. Nifuge."

"Ng'ombe za nani?"

Dodo akafika na kamiyo na tukapanda.

Barieri mbele ya Pweto

Tukishuka upande wa Pweto joto likaturudia, na kope zangu zikashuka na njia. Mbele ya muji kuna barieri, kizuizi cha njia. Ajenti wa pale, kijana safi, kofia imenyooka, akapita akiangalia karati za kitambulisho za kila muntu. Alipofika kwangu akaangalia picha, akaniangalia, akaangalia picha.

"Huyu si wewe."

"Njo mimi."

"Huyu wa picha anaangalia. Wewe hauangalii."

"Naangalia."

"Unaangalia na nini?"

Dodo, ambaye hakuna aliyemuita, akasema kutoka kwenye usukani: "Shefu, muache, ni mugonjwa huyo."

"Siko mugonjwa," nikasema.

Mama Furaha akafumba macho yake. Na ajenti, lazima niseme ukweli, akafikiri sawasawa. Kama muntu si mugonjwa, na uso si ule wa karati, basi karati ni ya mwingine. Akaniweka pembeni. Wasafiri wakashuka kununua samaki wa ziwa Mweru, Dodo akaingia chini ya kamiyo kulala, na mimi nikabaki pale nimenyanyua kidevu, jambo ambalo halikusaidia, kwa sababu ajenti alikuwa anaona namuzarau.

Bibi yangu akamuendea pole pole, akapiga magoti kidogo kama mama wa Kalemie anavyojua kufanya akitaka kitu.

"Shefu, mwanangu, ukikubali, ungoje asubuhi. Asubuhi atafanana."

Kijana akacheka mupaka kofia ikasogea. Akasema katika kazi yake amesikia kila namna ya uongo, lakini hajasikia bado muntu anayefanana na yeye mwenyewe asubuhi tu. Akakubali kungoja, nafikiri kwa sababu ya kutaka kuona.

Kulipopambazuka alikuja mwenyewe na karati yangu mukononi. Akainama, akaniangalia kwa karibu, kama muntu anayeangalia samaki kama ni mubichi.

"Papa, kweli njo wewe." Akaita wenzake waone. "Sasa muchana uso huu unaenda wapi?"

"Hilo njo naenda kuuliza Lubumbashi."

"Ukipata jibu, upitie hapa ukirudi."

Nilipita. Hakuwa na zamu siku ile, nikamuachia mwenzake salamu.

Lubumbashi, asubuhi

Barabara kutoka Pweto ni vumbi na mashimo, na sina la kusema juu yake. Tulifikia kwa ndugu ya Mama Furaha. Lubumbashi watu wanaongea Kiswahili mbio, Kifaransa kimechomekwa kila mahali, na wanatucheka sisi wa ziwa kwamba tunaongea kama watu wa Kigoma. Waliponiuliza nimekuja kufanya nini, nilisema matembezi.

Siku ya wadaktari nilijitayarisha kama nilivyofundishwa. Muntu anayeitwa na wakubwa anaoga, ananyoa ndevu, anavaa nguo yake ya heshima, na anafika asubuhi na mapema. Anayefika jua likiwa kali ni muvivu ao hana adabu. Kwa hiyo nilivaa kostime niliyoozeshea mutoto wangu, nikapiga viatu mupaka vikang'aa, na nilikuwa wa kwanza mulangoni, mbele hata ya muntu wa kufagia.

Daktari mukubwa wa komisyo ya pensheni ni muzee wa rika langu, miwani chini ya pua. Akanipa kiti.

"Papa Mulongo, unasikia aje?"

"Muzuri, Dokta. Na wewe? Nyumbani wote wazima?"

"Wazima. Sasa, unaumwa nini?"

"Siumwi mahali. Ni muchana."

"Muchana kuna nini?"

"Macho yanaanguka."

Akapiga tochi ndani ya macho yangu. Yalikuwa wima kama walinzi. Akaniambia nitembee, nikatembea. Nichuchumae na kusimama, nikasimama bila kushika meza. Akanipa vidole viwili vyake na kusema nibane. Sasa, wazee wenzangu, muntu akikupa mukono na kukuambia ubane, unafanya nini? Nikabana. Akavuta vidole vyake, akavipuliza, akacheka.

"Papa, uko na nguvu kunipita. Mimi naandika ninachokiona."

"Ni haki yako, Dokta."

Akaandika naweza kazi, akasema ningoje nje nipigiwe muhuri. Nikatoka kifua mbele. Ndiyo, nilifurahi. Tangu siku ya yale mabati hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba niko na nguvu.

Mama Furaha alikuwa kwenye benchi ya koridoo.

"Ameandika nini?"

"Ameona niko mwanaume."

"Nakuuliza ameandika nini."

"Naweza kazi."

"Ulimueleza mabati?"

"Hakuuliza."

"Papa Mulongo, umeingia mule kama muntu anayeenda kuposa. Umejisifu, wamekukubali. Muzuri. Tutarudi, utapanda gruu yako. Lakini mbele ya kupanda unionyeshe wale watakaofanya kazi chini yako, niende kuwajulisha bibi zao."

Nikakaa karibu naye.

Lubumbashi, muchana

Sasa sikia kitu kilichotuokoa. Muntu wa muhuri alikuwa ameenda matangani. Kabati yenye muhuri ilikuwa imefungwa, na funguo ilikuwa matangani pamoja naye. Kama angekuwepo, ningepigiwa muhuri asubuhi ile ile, na leo ningekuwa juu ya gruu na nyinyi chini.

Tukangoja. Koridoo ile ina bati bila dari, joto linashuka kichwani moja kwa moja. Mama mumoja wa kuuza mikate akapita, Mama Furaha akanunua, mimi nikala nusu na kuacha nusu kwa sababu taya ilikuwa imeanza mambo yake. Nikavua koti. Nikaegemeza kichwa ukutani, kidevu juu. Baadaye kidogo kope zote mbili zilikuwa chini, mudomo umelegea, na mate yalikuwa yananishinda. Bibi yangu alikuwa anayapangusa na pembe ya kitenge.

Daktari mukubwa akatoka ofisini, mukoba mukononi, anaenda kwake. Akatupita. Akasimama, akarudi.

"Mama, huyu muzee wako ana nini? Ameletwa na nani? Huyu wanamupeleka hospitali, hawamuleti hapa."

"Ni yule wa asubuhi, Dokta."

"Yule wa asubuhi yuko wapi?"

"Njo huyu."

"Hapana. Yule wa asubuhi alitaka kunivunja vidole."

Mama Furaha akachukua koti langu la kostime, akaniwekea juu ya mabega. Daktari akaangalia koti, akaangalia viatu, akakaa kwenye benchi upande wangu na mukoba wake kwenye magoti. Akanipa tena vile vidole viwili. Nikabana. Nilibana na nguvu zangu zote, naapa, na yeye akabaki ananiangalia kama anangoja nianze.

"Kila siku ni hivi?" akauliza, na safari hii alimuuliza bibi yangu.

"Kila siku jua likipita. Usiku akilala, asubuhi anafufuka."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Ulimuuliza anasikia aje," Mama Furaha akasema. "Kwetu muzee akiulizwa hivyo anasema muzuri."

Mbele ya watatu

Aliniambia nirudi siku ya pili, lakini muchana, na nisipumzike mbele. Ndugu ya bibi yangu akanishauri nivae nguo mbaya ili wanihurumie. Nilivaa kostime.

Chumba kilikuwa na watu watatu. Yule daktari mukubwa, mwingine aliyekuwa anaandika tu, na mama kijana, Dokta Ngoie, wa mishipa ya fahamu, aliyeitwa kwa ajili yangu. Huyu nilimupenda mara moja, kwa sababu aliniangalia kama fundi anavyosikiliza mashine. Akanyanyua kidole juu, akasema nikiangalie bila kupepesa. Nikakiangalia mupaka pazia ikashuka yenyewe. Halafu akaagiza barafu. Ikaletwa ndani ya kitambaa, akaniwekea juu ya jicho la kushoto, tukangoja. Akaitoa.

Kope ilikuwa imepanda. Ya kulia ilikuwa bado chini.

Yule wa kuandika akaacha kuandika.

"Pepa," nikasema.

"Unasemaje, Papa?"

Nikamueleza baridi ya Marungu, moto, upepo, hata majani ya mapera. Akacheka, akavuta kiti chake karibu.

"Papa, ugonjwa wako una jina, miasteni. Ni wa watu wachache sana, njo sababu hawakuujua kule kwenu. Mishipa inayobeba amri ni mizima. Misuli nayo ni mizima. Shida iko pale vinapokutana."

"Ngoja," nikasema. "Kapita, musimamizi wa wabebaji, anaita, sauti yake iko. Wabebaji wako, na nguvu wanazo. Lakini mulinzi wa geti anafunga, amri haipiti."

"Njo hivyo kabisa. Asubuhi amri zinapita za kutosha. Ukifanya kazi zinaisha. Na mulinzi mwenyewe ni wa mwili wako, anafikiri anakulinda."

"Nani alimutuma?"

"Hatujui."

Wazee wenzangu, tangu nianze kuugua kila muntu alikuwa anajua. Jirani anajua, muganga anajua, hospitali wanajua. Huyu alikuwa wa kwanza kusema hatujui, na yeye njo nilimuamini. Alinipa vidonge, munaviona mezani kwangu. Vinamudanganya mulinzi kwa saa chache. Havimufukuzi.

Daktari mukubwa akasogeza karatasi zake. "Papa, tunataka kujua kazi yenyewe. Tuambie namna unavyofanya."

Nikawaambia. Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo katika maisha yangu. Nikawaeleza upepo wa ziwa unavyokuja baada ya chakula, na muzigo unavyoanza kucheza, na kwamba haushindani nao, unaufuata kidogo kwanza, halafu unaurudisha. Nikawaeleza kamba inavyolia ikichoka. Nilisikia maneno yameanza kuingia puani, nikaongeza nguvu. Nikawaambia kwamba wakati muzigo uko hewani hauangalii muzigo, unaangalia watu, na ukitaka kujua kama

Hapo ikaisha. Mudomo ulikuwa unaenda, hakuna kitu kinatoka. Wote watatu walikuwa wameinama mbele, wananingoja. Daktari mukubwa akamuangalia bibi yangu ili amalizie.

Mama Furaha anaijua ile sentensi. Ameisikia mezani kwetu tangu tulipooana.

"Mimi siendeshi gruu," akasema.

Wakangoja tena. Halafu daktari mukubwa akamunong'oneza yule wa kuandika, na akanisomea kwa Kiswahili neno watakaloandika: huyu muntu hawezi tena kazi yoyote.

Nikanyanyua mukono. Kazi yoyote? Ninaweza kupanga mizigo ya boti kwa macho tu. Ninaweza kumufundisha kijana asiye na akili mupaka aiendeshe gruu. Asubuhi ninaweza kubeba gunia. Nilitaka wafute lile neno la mwisho, waandike kazi ya gruu, basi. Nikavuta lever hewani, nikanyanyua kidole kimoja: hii tu. Dokta Ngoie aliona, akaelewa, akamuambia mwenzake.

"Papa," daktari mukubwa akasema, "nikiandika kazi ya gruu tu, watakutafutia kazi ingine kule, na ukishindwa hiyo pensheni hakuna. Neno linalofungua pensheni ni hili moja. Mimi siwezi kuliandika bila wewe kukubali. Unakubali?"

Nilijua kitu ambacho wao hawakujua. Nikikaa pale bila kusema, nikipumua pole pole, sauti ingerudi. Isingerudi nyingi, lakini ya kutosha kubishana ingekuwepo, na nikibishana munanijua, wangefuta lile neno. Nilimuangalia Mama Furaha chini ya kope. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Sikungoja irudi. Nilishusha kidevu mupaka kifuani, nikaacha kuwaona, na wakaandika.